Kiraka cha Upande wa Kushoto

Nyumbani, 6 Januari

Mwanangu,

Nakuandikia nimekaa mbele ya cherehani, karatasi nimeitandaza juu ya kitambaa cha mtu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usicheke. Macho yamefifia. Siku hizi uzi naingiza kwenye sindano kwa kubahatisha. Mimi mzima. Kuku wawili wametoweka, jirani anaapa hakuwaona huku manyoya yamejaa mlangoni kwake. Fundi bati alikuja kuziba tundu la chumba cha mbele. Kaziba moja kafungua mawili, akaondoka akijisifu. Na wewe je, umepata mtu wa kukaa naye, au bado unanuka lehemu peke yako?

Sasa Baba yako. Kaka yangu hajambo kwa kiasi cha mtu aliyepooza upande mmoja. Ule wa kulia haujarudi. Tangu alipoanguka pale mlangoni mwezi wa kumi na moja, mdomo umekwenda kando, na maneno aliyobaki nayo hayazidi matano. "Maji." "Hapana." Jina langu analisema nusu. Lakini kuna hili: kutwa nzima vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vinagonga juu ya blanketi, kimoja baada ya kingine, kwa mpango. Muuguzi anayekuja kumgeuza alidhani ni mishipa. Mimi nilijua. Nikamwinamia nikamuuliza, "Tarumbeta?" Akalia, mwanangu. Mtu ambaye hata mama yako alipokufa alijifungia asionekane, alilia mbele yangu na mbele ya muuguzi. Akasema neno ambalo sikujua kama bado analo: "Niishike."

Daktari ametuambia tusitegemee miezi mingi. Nataka kaka yangu aishike tarumbeta yake kabla hajafa. Sitaki kingine duniani. Iliondoka humu ndani wewe ukiwa mchanga, hujaanza hata kutambaa, na aliyeondoka nayo alikuwa anaelekea huko mjini kwenu. Wewe ndiye fundi wa hivyo vyombo. Nakutumia picha yake akiwa na bendi. Ile ya zamani ililowa bati lilipovuja, nikapeleka filamu yake studio wakanisafishia nyingine. Ni hii tu iliyopo. Itazame, uitafute.

Ni mimi, shangazi yako asiyeona tundu la sindano.


Karakana, 2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, isipokuwa kifua kwa sababu ya moshi wa lehemu. Mwenye karakana amestaafu, kwa hiyo chumba chote sasa ni changu: meza moja, jiko la gesi, na ukuta mzima wa saksafoni zilizokufa zinasubiri vipuri ambavyo haviji. Mashati nafua mwenyewe, usinianze. Kuku nakupa pole. Endelea kupeleleza yale manyoya.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilijua Baba anaumwa, sikujua amebaki na maneno matano. Unajua mimi na yeye tulivyo. Kwangu alikuwa mtunza stoo anayerudi saa kumi na moja, ananiuliza kama nimesoma, analala. Sikuwahi kumsikia hata akipiga mluzi. Siku niliyomwambia nakwenda kujifunza kutengeneza tarumbeta aliniangalia, akasema "Haya," akatoka nje. Sijawahi kumpa mzee yule kitu akakifurahia. Ningependa kumpa hiki.

Picha nimeitazama kwa kioo cha kukuzia siku nne. Watu sita jukwaani pamoja na Baba wamevaa makoti meupe, yeye mbele, na mdomo mpana wa tarumbeta umeelekea kamera sawasawa, umeficha mabomba yote nyuma yake. Jina la aliyeitengeneza limemezwa na mwanga wa taa. Lakini kuna vitu naviona. Ukingo wa mdomo umekunjiwa waya mnene, kazi ya zamani, siku hizi hawafanyi. Vifuniko vya pistoni, zile tatu za kubonyeza kwa vidole, ni vya lulu, vile ambavyo vidole havijavifunika. Na kuna hili ndilo la kuitambulisha: pembeni mwa mdomo ule pana kiraka, umbo la haragwe, upande wa kushoto ukiishika kama mpigaji. Tarumbeta za namna hiyo naweza kukutana nazo hata kumi. Yenye haragwe kushoto ni moja tu.

Na kweli Baba ni shoto! Vidole vya kushoto juu ya pistoni, mkono wa kulia umebeba. Angekuwa mtu mwingine ningeshtuka, maana hawapigi hivyo, lakini mtaa mzima unamwita Shoto. Nyundo anashika kwa kushoto, kalamu kwa kushoto. Na vidole vinavyogonga blanketi ni hivyo hivyo.

Sasa niambie, aliyeichukua ni nani? Baba alisema iliibwa. Iliibwa vipi?

Mwanao.


Nyumbani, 27 Februari

Marahaba mwanangu. Pole na kifua, kunywa vitu vya moto na ufungue dirisha, hilo dirisha nakujua hulifungui.

Baba yako amepata vidonda vya mgongo. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili, mimi na muuguzi, na muuguzi akiondoka namgeuza peke yangu kwa shuka. Nimemwambia mwanao anaitafuta. Tangu hapo anatazama mlango. Mbuzi akipiga kelele nje, anageuka. Mtu wa maji akibisha hodi, anageuka. Inaniumiza kumwona.

Unauliza ilivyoondoka. Iliondoka. Mambo ya zamani hayo, yaache yalale. Aliyekuwa nayo alikuwa mpigaji wa bendi nyingine, mrefu mwembamba, wakimwita Sindano, ana jino moja la dhahabu. Mtafute huyo. Kiraka nakikumbuka: ilianguka kutoka kwenye lori la bendi ikatoboka, fundi mmoja wa masufuria akaiziba. Upande gani sikumbuki. Ningetazama upande saa ngapi, na mimi nilikuwa na makoti sita ya kushona?

Hilo la kuibwa usiniulize tena. Tafuta chombo.

Shangazi yako.


Karakana, 11 Aprili

Shikamoo Shangazi. Nimechelewa, nisamehe. Vidonda vya Baba vimepona? Na macho yako? Mimi nilikuwa natafuta, kila siku baada ya kazi, mpaka soli ya kiatu imeachia.

Sindano alikufa miaka mitatu iliyopita. Nilimpata kwa kupitia mpiga ngoma mmoja ambaye siku hizi ni kinyozi. Mjane wake anakaa ghorofa ya nne, kwenye nyumba isiyo na taa ngazini. Nilipotaja jina la Shoto akavuta sanduku chini ya kitanda. "Chukua," akasema. "Mimi hiyo inanikumbusha njaa tu."

Nikalifungua pale pale sakafuni, Shangazi. Ukingo wa waya mnene, upo. Kiraka umbo la haragwe, kipo. Nikaigeuza niishike kama mpigaji. Kiko kulia.

Nimeiweka mezani siku tatu nikiilinganisha na picha, nikiomba macho yangu yawe ndiyo yanayonidanganya. Kulia. Kiraka hakihami. Halafu jasho la mpigaji limekula shaba pale mkono wa kushoto unapobeba, maana yake aliyekuwa nayo alibonyeza kwa mkono wa kulia, kama watu wote. Tena pistoni ya katikati haina lulu. Mtu kaweka kifungo cha koti! Cheusi, kikubwa, kakisugua kwa tupa mpaka kikaenea, matundu manne bado yanaonekana. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Kwenye picha kidole cha Baba kimefunika pale, lakini bendi ya makoti meupe namna ile haipandi jukwaani na kifungo cha koti.

Basi siyo. Malori yalikuwa mengi na tarumbeta zilizoanguka zilikuwa nyingi, ndivyo ninavyojiambia. Labda Sindano aliipoteza ile ya Baba, akabaki na hii. Sina pa kwenda tena, na sitaki kukupa moyo wa bure. Picha nakurudishia, nimeshaijua kwa moyo. Mwambie Baba... sijui umwambie nini.

Mwanao.


Nyumbani, 23 Mei

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Marahaba! Barua yako imekaa posta wiki nyingi, mimi nilikuwa hospitali na Baba yako, mapafu yalijaa maji, tumerudi juzi. Na huko huko wakanipima macho wakanipa miwani. Kwa hiyo nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka nilipofika kwenye kifungo. Nikapiga kelele jirani akaja mbio akidhani kaka yangu kaniponyoka.

Kifungo hicho ni changu! Nilikikata kwenye koti langu la baridi, koti langu la pekee, nikakisugua kwa tupa hapa hapa mlangoni, maana lulu ilidondoka siku ya onyesho na Baba yako alikuwa karibu kulia. Cheusi, kikubwa, matundu manne. Koti lile nililivaa mwaka mzima nimelifunga kwa pini.

Nikaichukua picha nikaitazama kwa miwani. Hao watu wa studio waligeuza filamu! Yale makoti sita nimeyashona mimi. Mfuko wa kifuani nauweka kushoto, fundi yeyote mwenye akili zake anauweka kushoto. Kwenye picha watu wote sita wana mfuko kulia, na vifungo vimefungwa kike. Picha nzima imegeuka, kulia imekuwa kushoto! Na Baba yako hajawahi kupiga kwa mkono wa kushoto hata siku moja. Shoto alikuwa wa nyundo na kalamu. Kiongozi wa bendi alimwambia tarumbeta imetengenezwa kwa mkono wa kulia na yeye hatamtengenezea nyingine, basi akajifunza upya chumbani kwetu, mkono wa kushoto nimemfunga mimi kwa tepu yangu ya kupimia. Sasa anagonga kwa kushoto kwa sababu wa kulia umekufa. Ningekwambia mapema, lakini nilidhani unajua. Ungejuaje, na hukumwona?

Ndiyo hiyo mwanangu. Unayo mezani.

Na sasa nakujibu lile uliloniuliza. Haikuibwa. Niliitoa mimi. Mama yako alikufa una miezi minne, Baba yako yuko safarini na bendi, akafika siku ya tisa. Haikupita wiki mbili akaanza kufungasha tena. Wewe unalia kitandani, yeye anakunja shati. Sindano alipopita barabarani nikampitishia tarumbeta dirishani, nikamwambia aende nayo mbali, na kaka yangu nikamwambia mwizi aliingia. Akabaki. Akakulea. Hakupiga tena, na mimi miaka yote hiyo nimemtazama akitoka stoo na mikono mitupu, nikanyamaza.

Jana nimemwambia. Nimepiga magoti pale kitandani nikamwambia yote, kwa sababu sasa nina cha kumrudishia. Alinitazama muda mrefu. Halafu akauweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu. Akasema, "Lete."

Ilete, babangu. Fanya haraka.

Shangazi yako, ambaye leo amelala usingizi.


Karakana, 12 Juni

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika. Ni kweli kuhusu picha, nilipaswa kuona. Chombo kinahitaji kazi kidogo, pistoni zimekaza, na kuna mabomba ya kusafisha. Nitakiandaa nikitume. Kuhusu yale ya dirishani sina la kusema kwa sasa. Msalimie Baba.

Mwanao.


Nyumbani, 29 Juni

Marahaba. Barua gani hii? Mtu wa umeme akija kukata waya anaacha karatasi ndefu kuliko hiyo. Hujauliza macho yangu, hujauliza kuku, hujauliza hata Baba yako amekula nini. Kama umenikasirikia kwa lile la dirishani, nikasirikie, nastahili. Lakini usimkasirikie yeye.

Kazi gani inahitaji? Hatapuliza. Hana pumzi ya kuzima mshumaa. Anataka kuishika, basi. Ilete na vumbi lake, ilete imekaza, ilete haitoi sauti hata ya mbu, na uje nayo wewe mwenyewe. Anakula vijiko vitatu. Akisikia mlango anageuza shingo, na akiona ni mimi anairudisha polepole, kwa adabu, asinivunje moyo. Jana kanishika mkono akanigongea vile vidole vitatu kwenye kiganja. Ni wimbo, mwanangu, nilikuwa naujua.

Unanificha nini?


Karakana, 18 Julai

Shikamoo Shangazi,

Tarumbeta nimempa dereva wa lori la samani anayepita kwenu, ataifikisha mpaka mlangoni. Nimeizungushia blanketi. Kiraka utakiona, kulia, na kifungo chako kipo mahali pake. Mwongoze Baba mkono ufike kwenye kifungo kwanza. Tafadhali, kwanza kifungo.

Mimi siji. Kazi zimenibana. Hapana, si kazi. Siwezi tu. Usiniulize, kama na mimi nilivyoambiwa nisiulize.

Sijakukasirikia. Nimeliwaza sana lile jambo nikiwa peke yangu na jiko hili la gesi. Kama usingeipitisha dirishani nisingekuwa na baba wa kuniuliza kama nimesoma. Nakushukuru, na naona aibu kukushukuru.

Mwanao.


Nyumbani, 14 Agosti

Mwanangu,

Baba yako tumemzika Jumanne. Nilimpa dereva yule yule ujumbe akuletee, sijui kama ulikufikia. Hukuja.

Tarumbeta ilifika mchana, tarehe mbili. Nikamlaza nayo kifuani, nikaongoza mkono wake mpaka kwenye kifungo kama ulivyosema. Alikitambua. Alitabasamu na ule upande mmoja, na mimi nikasema Mungu ni mkubwa. Halafu mkono ukaanza kutembea wenyewe. Ukapita kwenye mabomba, ukarudi, ukapita tena, kama mtu anayepapasa mfukoni ufunguo asiouona. Ukafika kwenye kiraka. Akakiparuza ukingoni kwa ukucha. Akaacha. Akaparuza tena. Akanigeuzia macho.

Mimi nilikuwa nimeshaona tangu nafungua blanketi. Nimeshona maisha yangu yote, kiraka kipya kilichosuguliwa kionekane cha zamani nakijua. Nilinyamaza nikiomba yeye asijue.

Akasema, "Hapana." Akaisukuma kwa kifundo cha mkono. Nikamwambia, "Kaka, ndiyo yenyewe, shika." Akasema tena, "Hapana," akageuza uso ukutani. Siku saba alitazama ukuta, ya nane akaondoka. Hakugonga blanketi tena hata mara moja.

Nakuomba uelewe alivyoondoka. Amekufa akijua kwamba dada yake alimdanganya mara mbili, mara ya kwanza alipoitoa na mara ya pili alipoirudisha. Nilikaa kando ya kitanda kile siku saba sina hata neno la kujitetea, kwa sababu ukweli unao wewe. Kifungo nilikibandua nikakishona kwenye koti tulilomzika nalo.

Tarumbeta ya kaka yangu iko wapi?


Karakana, 1 Septemba

Shangazi,

Shikamoo sina uso wa kukupa.

Nilipokuandikia Aprili ilikuwa bado mezani, nzima. Wiki iliyofuata niliichinja. Ndivyo tunavyosema huku: vipuri haviji, kwa hiyo chombo kisicho na mwenyewe tunakichinja ili vingine vipone. Ni kazi ya kila mwezi, hatuioni kuwa kitu. Lakini ile niliichinja kwa hasira. Kila nilipofungua mlango niliiona pale na haragwe lake upande usiofaa. Jumamosi moja nikachukua mkasi wa bati.

Pistoni nilizitia kwenye tarumbeta ya askari mmoja wa bendi, amehamishwa, hakuna anayejua aliko. Mabomba yalikwenda kwenye vyombo vya shule. Ule mdomo mpana niliukata viraka, maana shaba nene namna ile haipatikani, na mwezi wote wa Mei nikawa navitia lehemu kwenye vyombo vya watu. Kila aliyekuja na tundu aliondoka na kipande chake. Barua yako ilinikuta nimebakiza kipande kimoja na kifungo, ndani ya kopo la misumari.

Ningekwambia siku ile ile. Lakini ulikuwa umeshamwambia. Nilisoma lile neno "Lete" nikakaa chini sakafuni. Nikatafuta tarumbeta nyingine ya umri ule, nikaitoboa upande wa kulia kwa makusudi, nikaiziba umbo la haragwe. Nilijidanganya kwamba mkono wa mgonjwa haukumbuki. Mimi, fundi, ambaye mikono yangu inajua kila chombo gizani.

Ujumbe wako ulinifikia. Nilikwenda stendi na begi, nikakaa kwenye benchi, basi likajaa, likaondoka, nikarudi karakana.

Kuna jambo moja. Kiraka kile, hicho kipya ulichokigundua, nilikikata kwenye kile kipande cha mwisho. Ni shaba ya tarumbeta yake mwenyewe. Baba alipoiparuza kwa ukucha alikuwa ameigusa, Shangazi. Sijui kama hilo lina maana yoyote. Kwangu mimi ndilo pekee lililobaki. Kitunze, nakuomba. Nitakuja nikione.

Mwanao.


Nyumbani, 20 Septemba

Mwanangu,

Barua yako imefika Alhamisi. Tarumbeta ilitoka Jumatatu. Mnunua vyuma chakavu alipita na mkokoteni, nikaita, nikampa. Sikutaka chochote, nilitaka tu isinitazame. Nilipompitishia mkononi ndipo nilipoona nimesimama dirisha lile lile.

Nilipomaliza kukusoma nilitoka mbio bila viatu mpaka kwenye yadi yao. Walikuwa wameshaponda mzigo wa wiki. Yule wa mkokoteni alinionyesha bonge, bunda zima la mabati na masufuria na shaba, akasema, "Mama, kama kimo, kimo humo." Nilipekua kwa vidole mpaka wakanitoa kwa kunishika mabega. Mikono imefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko uko hivi, si macho. Macho sasa naona vizuri sana.

Nilikaa kwenye cherehani nikitafuta maneno ya kukulaani. Kila nililolipata lilikuwa langu pia. Mimi niliitoa, wewe ukaikata, na katikati yetu mzee wa watu alilala akigonga blanketi. Alisema "Hapana," na alikuwa sahihi, na alikuwa ameishika. Hilo nimelibeba tangu Alhamisi, sijui pa kuliweka.

Muuguzi haji tena. Kitanda nimekitandika. Bati la chumba cha mbele bado linavuja, utasogeza godoro. Njoo. Humu ndani hakuna tena wa kumficha kitu.

Shikamoo hukunipa. Marahaba.